Jiwe la Mmishonari: Mambo ya Kufanya na Kutofanya kwa Kamati za Kanisa

Rhonda haina kaburi la mmishonari. Mtaa huu wa magharibi mwa Nakuru, uliojibana kandokando ya mbuga ya ziwa, ni wa wapangaji, wachuuzi na vibarua, na makanisa yake mengi ni ya mabati yaliyosimamishwa juzi. Hata hivyo kila muumini wa hapa ana kanisa mama mahali fulani. Yuko aliyebatizwa na watu wa Kijabe, ambako Africa Inland Mission (AIM) ilipiga kambi mwaka 1903. Yuko aliyetoka Kaimosi, kituo cha Friends (Quakers) cha mwaka 1902, na yuko wa Maseno, kituo cha Church Missionary Society (CMS) cha mwaka 1906. Vituo hivyo vyote vimevuka miaka 100, na jubilei inapoandaliwa, Rhonda hutumiwa kadi ya mchango kama kwingine.

Hapo ndipo hoja huzuka. Kijana aliyekwenda nyumbani Krismasi amesoma bamba la shaba ukutani, au jiwe la kaburi uani, na amerudi amefura: babu zake wameitwa washenzi. Kamati inaundwa. Mmoja anataka patasi, mwingine anataka bamba jipya, wa tatu anasema wafu waachwe wapumzike. Wasipoelewana, mwenye fundi wa karibu ndiye hushinda.

Orodha hii ni ya kamati hiyo. Msimamo wake ni huu: maneno ya zamani yabaki, maneno mapya yawekwe kando yake, na katika hayo mapya yawemo majina ya watu walioachwa. Matusi kwenye mawe haya ni mabaya. Majina yaliyokosekana ni kosa kubwa zaidi, na patasi hailirekebishi.

KABLA YA KUMWITA FUNDI

1. Lisomeni jiwe lenyewe.

Msijadili picha iliyozungushwa kwenye kundi la WhatsApp. Nendeni watu watatu, mkiwa na maji safi, brashi laini, karatasi kubwa na kipande cha makaa. Jiwe lililochakaa halisomeki saa sita mchana. Lisomeni jua likiwa chini, asubuhi au jioni, mwanga ukipita kimshazari juu ya herufi, au liangazeni kwa tochi kutoka ubavuni. Kisha bandikeni karatasi juu yake na kuisugua polepole kwa makaa. Herufi ambazo jicho lilizikosa zitajitokeza. Neno mlilodhani ni tusi laweza kuwa jina la mahali. Na tusi ambalo hakuna aliyeliona kwa miaka laweza kuwa limejificha chini ya kuvu.

2. Msilisugue kwa brashi ya waya, wala msitie tindikali, Jik au sabuni ya unga.

Fundi atawaambia ndiyo njia ya mkato. Mkatalieni. Mawe mengi ya ujenzi ya Bonde la Ufa ni jivu la volkeno lililogandamana, ni laini, na herufi zikishamomonyoka hazirudi.

3. Nakilini herufi kwa herufi.

Nakilini na makosa ya tahajia pia. Pigeni picha za jiwe zima, za kila mstari, na za mahali lilipo ili ionekane linatazama wapi. Nakala moja ibaki kanisani, nyingine iende kwa ofisi ya dayosisi au makao makuu ya kanisa, ya tatu ikae kwa mtu asiye mwanakamati. Fanyeni hivi hata kama mtaamua kutogusa chochote.

4. Tenganisheni tusi, dai na kimya.

Kamati nyingi huyachanganya, na ndiyo maana mikutano yao haiishi.

Tusi ni neno linalomshusha mtu utu: mshenzi, mla watu, mtu wa giza. Hilo kila mmoja analiona.

Dai ni sentensi yenye adabu isiyosimama. Mawe na vitabu vya shule vilipenda kusema kwamba fulani aligundua mlima au ziwa. Mmishonari Johannes Rebmann aliiona theluji ya Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848, akiwa katika msafara ulioongozwa na Bwana Kheri, mtu wa pwani aliyeijua njia ya Uchagani. Mmishonari mwenzake Ludwig Krapf aliuona Mlima Kenya tarehe 3 Desemba 1849, akiwa Ukambani kwa mwenyeji wake Kivoi, mfanyabiashara wa pembe za ndovu. Jiwe linalosema wazungu hao wawili waligundua milima halikumtukana mtu, ila limewafuta Kheri na Kivoi waliowafikisha.

Kimya ni mstari unaosema wapagazi waaminifu, mwanafunzi wake wa kwanza, msichana aliyemwuguza, bila jina. Kimya hakimuudhi mtu, kwa hiyo hakuna anayekilalamikia.

Andikeni orodha tatu katika daftari la katibu. Msishangae ya tatu ikiwa ndefu kuliko ya kwanza.

5. Ulizeni jiwe ni la nani.

Bamba la ukutani liko chini ya wadhamini wa kanisa. Kaburi lina ukoo, hata kama ukoo huo uko Scotland au Marekani, na barua moja ya kuwatafuta si gharama. Kaburi la askari wa vita vya dunia, kama yale ya Gilgil, linatunzwa na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, na kamati ya kanisa haina la kufanya hapo. Jengo au kaburi lililotangazwa kwenye gazeti rasmi la serikali kuwa la urithi wa taifa linalindwa na Sheria ya Makavazi ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006. Kuliharibu au kulibadilisha bila kibali ni kuvunja sheria, nia yenu ikiwa njema au mbaya.

Mtu wa Rhonda hana kisingizio cha umbali. Makavazi ya Taifa yana kituo Hyrax Hill, upande wa pili wa Nakuru, kwenye kilima ambacho Mary Leakey alianza kukichimba mwaka 1937. Nendeni na ile nakala mliyoiandaa, mkaulize kwanza.

6. Msianze na fedha.

Mhisani akitangulia kutoa hundi, maneno yatakuwa ya mhisani. Kubalianeni maneno, yaandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano na kutiwa sahihi, ndipo mchango uitishwe.

MAAMUZI JUU YA JIWE LA ZAMANI

7. Msilichonge neno mkaliondoa.

Katika uwanja mkuu wa Santa Fe, New Mexico, kulikuwa na mnara wa kuwasifu wanajeshi waliopigana na wenyeji wa asili wa Marekani, ambao mnara uliwaita washenzi. Mwaka 1974 mtu mmoja alikuja na patasi akaling'oa neno hilo. Likabaki pengo, na kila mpita njia akajua pengo linasema nini. Ugomvi haukuisha: Oktoba 2020 waandamanaji waliuvuta mnara kwa kamba ukaanguka.

Lipo la zaidi. Neno likishatoka, mjukuu hana tena ushahidi kwamba babu yake aliitwa hivyo kanisani, mbele ya madhabahu, na watu wakanyamaza. Na aliyeliandika ametakaswa bila kuungama. Mnadhani mnamtetea babu. Mnaowafaidi ni waliomtukana.

8. Msipake rangi, msizibe kwa saruji, wala msilifiche nyuma ya spika.

Jiwe lililofichwa na kamati moja litafichuliwa na kamati ijayo, na kelele zitakuwa kubwa zaidi.

9. Likihamishwa, lihamishwe kwa sababu na kwa utaratibu.

Sababu nzuri ni mbili. Ya kwanza ni jiwe kuharibika mahali lilipo. Ya pili ni tusi la wazi kuwakabili watu wakati wa ibada, pasiwe na ukuta mwingine wa kulipeleka ndani ya kiwanja hichohicho. Katika kanisa la St Peter's, Dorchester, Uingereza, kulikuwa na bamba la John Gordon lililomsifu kwa kuzima uasi wa watumwa huko Jamaica. Lilifunikwa, shauri likasikilizwa, likaamuliwa lipelekwe makumbusho. Chuo cha Jesus, Cambridge, kiliomba kuuondoa katika kanisa lake mnara wa Tobias Rustat, aliyewekeza katika biashara ya watumwa. Mwaka 2022 mahakama ya kanisa ilikataa. Mashauri hayo mawili yalifika tamati tofauti, lakini katika yote mawili kila upande ulisema mbele ya mwamuzi, na sababu zikaandikwa.

Kwetu tuna mfano wa karibu. Sanamu ya mlowezi Lord Delamere iliondolewa Nairobi wakati wa uhuru ikapelekwa Soysambu, Elmenteita, mwendo mfupi kutoka Nakuru, kwenye ardhi ya familia yake. Haikuvunjwa, lakini anayepita leo barabara ya Kenyatta jijini Nairobi haambiwi kwamba iliwahi kusimama pale. Mkihamisha jiwe, acheni kibao kidogo mahali pa zamani: lilikuwepo hapa hadi mwaka fulani, sasa liko mahali fulani, sababu ni hii.

10. Msiwaguse waliofiwa.

Rosine, mke wa Ludwig Krapf, alifariki Mombasa Julai 1844, siku chache baada ya kujifungua, na mtoto naye akafa. Wamezikwa upande wa bara, Mkomani. Kaburi la mama na kichanga si mahali pa kulipizia kisasi cha ukoloni. Maneno ya mjane, mgane au yatima juu ya mpendwa wake aliyemzika yaacheni, hata yakiwa na lugha ya zamani. Mkiona haja ya kueleza, elezeni langoni, mbali na kaburi.

11. Msichanganye bamba na jina la mahali.

Kabarnet, juu kule Baringo, jina lake huelezwa kuwa limetokana na mmishonari Albert Barnett wa AIM. Jina lile limeundwa kwa Kikalenjini na kutumiwa na wenyeji wenyewe. Huo ni ukumbusho wao. Kamati ya jubilei haina kazi nao.

MANENO MAPYA

12. Andikeni majina.

Hili ndilo agizo kubwa katika orodha hii. Likiwashinda, mengine yote hayana maana.

David Livingstone alifariki Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Watu wake waliukausha mwili, wakauzika moyo chini ya mti, wakambeba kwa miguu hadi Bagamoyo walikofika Februari 1874. Ilikuwa safari ya miezi, na wengine walikufa njiani. Kwenye ule mti Jacob Wainwright, aliyesomea kwa wamishonari huko Nasik, India, alichonga jina la Livingstone, na pamoja nalo akachonga majina ya baadhi ya wenzake wa msafara. Kijana yule, katikati ya pori, akiwa na kisu, alijua ukumbusho huandikwaje.

Livingstone alizikwa Westminster Abbey, London, tarehe 18 Aprili 1874. Jiwe la pale linasema aliletwa na mikono yenye uaminifu kupitia nchi kavu na bahari. Mikono tu. Abdullah Susi hayumo. James Chuma hayumo. Wainwright, aliyelisindikiza jeneza hadi kaburini siku ile, hayumo. Halima, mpishi wa msafara, hayumo. Hakuna tusi hata moja katika sentensi ile, na bado ni sentensi inayodai kurekebishwa kuliko nyingi zenye matusi.

Basi kamati iliyo na bamba linalosema wasaidizi waaminifu ianze hapo.

13. Tafuteni majina yalipo.

Msiseme yamepotea kabla ya kutafuta. Yamo kwenye daftari za ubatizo, daftari za mishahara ya kituo, orodha za wanafunzi wa bweni, barua ambazo wamishonari waliwaandikia wafadhili wao, na vichwani mwa bibi wa miaka 90 ambao hakuna aliyewauliza. Wamishonari walikuwa waandishi wasiochoka. Ni kwa maandishi ya Krapf mwenyewe tunajua kwamba mtu wa kwanza kuamini huko Rabai, karibu na Mombasa, alikuwa Mringe, mgonjwa aliyelemaa, na kwamba aliyemsaidia kutafsiri kitabu cha Mwanzo mwaka 1844 alikuwa kadhi Mwislamu wa Mombasa, Sheikh Ali bin Mohidin. Ukumbusho wa Krapf usiomtaja kadhi huyo una deni. Vivyo hivyo Zanzibar: anayemtaja Askofu Edward Steere, aliyezikwa nyuma ya madhabahu ya kanisa kuu la Mkunazini, ataje pia John Swedi, shemasi wa mwaka 1879, na Cecil Majaliwa, kasisi wa mwaka 1890.

14. Msijifiche nyuma ya "na wengine wengi".

Ikiwa majina hayakupatikana, semeni walikuwa wangapi, walifanya kazi gani, na kwamba majina yao hayakuandikwa. Mnara wa askari na wapagazi katika barabara ya Kenyatta, Nairobi, wa mwaka 1928, una maneno ya Rudyard Kipling kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu. Unawaita wapagazi miguu na mikono ya jeshi, na unaahidi kwamba watakumbukwa. Hautaji hata mmoja. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ilikiri katika ripoti yake kwamba Waafrika maelfu kwa maelfu waliokufa katika Vita ya Kwanza ya Dunia hawakuandikwa majina kama wenzao wa Ulaya, ikaomba radhi. Sifa tamu iliwekwa mahali pa orodha. Msiirudie hila hiyo kwa Kiswahili kizuri zaidi.

15. Elezeni sababu ya kifo.

Askofu James Hannington aliuawa Busoga tarehe 29 Oktoba 1885. Ukisema aliuawa na washenzi umetukana, na tena hujaeleza kitu. Ukisema tu kwamba alifia Busoga, umekuwa mpole na bado hujaeleza kitu. Ukweli ni kwamba aliuawa kwa amri ya Kabaka Mwanga, mahali pa chifu Luba, kwa kuwa alikuja kwa njia ya mashariki iliyoogopwa Buganda kama mlango wa wavamizi, mwaka uleule Wajerumani walipokuwa wakijitwalia nchi upande wa pwani. Wapagazi wake karibu wote waliuawa pamoja naye. Na habari ilirudishwa Rabai na kasisi William Jones, Mwafrika aliyekuwa ameachwa nyuma na sehemu ya msafara. Hayo yote yanaingia katika mistari minne. Mwenye kuyasoma hatapenda mauaji, lakini ataelewa.

16. Msiandike msichoweza kukithibitisha.

Hulda Stumpf wa AIM aliuawa nyumbani kwake Kijabe Januari 1930, wakati mzozo wa tohara ya wasichana baina ya misheni na Wakikuyu ukiwa umepamba moto. Maelezo ya jinsi alivyouawa na sababu yake yalizunguka dunia upesi, na hadi leo waandishi hawakubaliani nani alimuua na kwa nini. Katika jambo la namna hiyo bamba liseme aliuawa, litaje mwaka na mzozo uliokuwapo, likome hapo. Uvumi uliochongwa kwenye shaba huaminiwa kuliko uvumi wa sokoni.

17. Msiitaje jamii nzima kama mwuaji.

Andikeni nani aliamuru na nani alitenda, kama wanajulikana. Msiandike kwamba aliuawa na Wakikuyu, Wanandi au Wasoga, kana kwamba taifa zima lilishika mkuki. Anayeishi Rhonda au Kaptembwa na kukumbuka ghasia za Januari 2008 hahitaji kufafanuliwa jambo hili. Nyumba zilichomwa hapa kwa sababu mtu aliitwa kabila lake kabla ya kuitwa jina lake.

18. Ulizeni ardhi ilipatikanaje.

Mabamba mengi humshukuru mtu fulani kwa kutoa kiwanja. Katika Bonde la Ufa swali hilo lina meno. Kwa mkataba wa mwaka 1904 Wamaasai waliondolewa sehemu hizi za Naivasha na Nakuru wakapelekwa Laikipia ili walowezi wapewe nafasi, na mwaka 1911 ukaja mkataba wa pili wa kuwahamisha na huko pia. Aliyetoa kiwanja baada ya hapo alitoa alichopewa na serikali ya kikoloni. Bamba jipya likimshukuru, litaje na waliokuwapo kabla yake. Mstari mmoja unatosha, wala hauhitaji hotuba.

19. Msimgeuze mmishonari kuwa ibilisi.

Mkimwandika kama jambazi mtakuwa mmechonga jiwe lingine la uongo, na wajukuu wenu wataitisha kamati nyingine. Alijenga shule, aandikwe. Alichapa viboko, aandikwe. Alitetea ardhi ya watu mbele ya serikali au aliiuza, aandikwe alivyofanya. Vivumishi tupeni: mtukufu, shupavu, katili, mnyonyaji. Semeni alichofanya na mwaka.

20. Andikeni kwa lugha ya wanaosali hapo.

Kanisa la kijijini liandike kwa lugha ya mama na Kiswahili. Kiingereza kiwe cha tatu. Bamba la kueleza heshima ya babu kwa lugha ambayo bibi hawezi kuisoma ni dharau juu ya dharau.

21. Tieni tarehe na jina la mwandishi.

Bamba jipya lisijifanye limekuwepo siku zote. Lioneshe liliwekwa mwaka gani, na kamati gani, kwa idhini ya nani. Lugha yenu nayo itachakaa, na watakaokuja wana haki ya kujua ilikuwa ya nani.

22. Pimeni rasimu kwa mfano huu.

Rasimu mbaya, ambayo kila kamati huianza nayo: "Bamba hili linasikitikia lugha isiyofaa iliyotumiwa zamani na linawaenzi mashujaa wetu wote waliochangia injili." Haisemi lugha gani, mashujaa gani, wala walichangia nini. Ingebandikwa kanisa lolote kutoka Lamu hadi Lodwar bila kubadilisha herufi.

Rasimu inayofaa, kama Westminster wangetaka kuwalipa deni watu waliombeba hadi Bagamoyo: "Mwili wa David Livingstone ulibebwa kwa miguu kutoka Chitambo hadi Bagamoyo, Mei 1873 hadi Februari 1874. Walioubeba na kuwalisha wabebaji ni pamoja na Abdullah Susi, James Chuma, Jacob Wainwright na Halima. Jiwe la kaburi halikuwataja." Inasomeka kwa pumzi mbili. Haina radhi za juujuu, na hakuna anayeweza kuikanusha.

SIKU YA UZINDUZI

23. Jina la mheshimiwa lisizidi majina ya wafu.

Tunajua kibao cha uzinduzi cha Kenya kilivyo: jina la gavana, mbunge na mwakilishi wa wadi kwa herufi nene, na chini kabisa, kwa herufi za chungu, kinachozinduliwa. Hapa iwe kinyume. Afadhali mheshimiwa asiandikwe kabisa. Akisusa kuja, ibada ni fupi zaidi.

24. Waiteni wa pande zote.

Mmishonari John Williams aliuawa Erromango, katika visiwa ambavyo sasa ni Vanuatu, Novemba 1839. Mwaka 2009, baada ya miaka 170, vizazi vyake vilialikwa kisiwani wakapatanishwa na vizazi vya waliomuua. Waiteni wajukuu wa mmishonari kama wapo, wajukuu wa mpishi wake, wa mpagazi, wa mwalimu wa kwanza, na wa chifu aliyempinga. Anayesoma jina lake la ukoo kwenye bamba apewe nafasi ya kulisoma kwa sauti.

25. Msizindue bamba lisilo na jina jipya.

Hili ni la mwisho na halina msamaha. Ikiwa siku ya kupeleka maneno kwa fundi inafika na kamati haina hata jina moja ambalo halikuwapo kwenye jiwe la kwanza, ahirisheni. Rudisheni michango, au itumieni kuwalipia nauli vijana wawili waende kufungua daftari za ubatizo na kukaa na wazee. Jiwe la zamani limevumiliwa miaka 100. Litavumiliwa mwaka mmoja zaidi. Nendeni mkatafute majina.